Vihisi vya Joto katika Viyoyozi vya Magari: Uchunguzi wa Hitilafu katika Gereji za Huruma

Miongoni mwa hitilafu ambazo wenye magari wa Huruma huwapelekea mafundi wao, ama katika gereji ndogo za kando ya barabara zilizobanwa kati ya maghorofa ya mtaa huo na Juja Road, ama ng'ambo ya Outer Ring Road kwenye vibanda vya jua kali vya Kariobangi Light Industries, kiyoyozi kisichotoa baridi ndicho hupewa tiba kabla ya kuchunguzwa. Jibu la kwanza, ambalo mara nyingi hutolewa boneti ikiwa bado imefungwa, ni kwamba gesi imepungua na yafaa ijazwe. Jibu hilo lina msingi wake, kwa kuwa gesi ya kiyoyozi huvuja polepole kupitia mipira na viungo vya mabomba hata katika gari zima, na fundi anayekisia gesi hupatia mara nyingi kiasi cha kumfanya aendelee kukisia. Tatizo ni kwamba dalili ileile, yaani hewa vuguvugu inayotoka kwenye matundu ya dashibodi, hutokea pia wakati gesi imetosha, kompresa ni nzima na fyuzi haijaungua, ila kompyuta ya gari imeletewa habari ya uongo kuhusu joto na ikaamua, kwa kufuata kanuni zake barabara, kwamba kiyoyozi hakifai kufanya kazi. Mleta habari huyo ni kihisi cha joto, kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita sensa. Dai la uchambuzi huu ni kwamba kihisi kilichokufa kabisa hakina taabu kubwa, kwa maana mashine ya kusoma hitilafu hukitaja. Taabu iko kwa kihisi kilicho hai kinachodanganya kwa kiasi, ambacho mashine haikishtaki na ambacho hutambuliwa tu na fundi anayelinganisha namba.

Mahali penyewe huchelewesha utambuzi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai joto la mchana hufika nyuzi 21 au 22 za Selsiasi huku la usiku likishuka hadi nyuzi 12 au chini yake, hivyo kwamba dereva wa Huruma anaweza kumaliza miezi bila kubonyeza kitufe cha kiyoyozi na asihisi amepungukiwa na kitu. Hitilafu iliyoanza Machi hugunduliwa Desemba, gari linapoteremka kwenda Mombasa na joto la Mtito Andei na Voi likadai kile ambacho Nairobi haikuwahi kudai. Wapo wanaoigundua mapema zaidi: madereva wa teksi za kuitwa kwa simu, ambazo zimekuwa sehemu ya maisha ya jiji tangu Uber ianze kazi Nairobi mwaka 2015, huulizwa habari za kiyoyozi na abiria wao. Wengine huigundua msimu wa mvua bila kujua wamegundua nini, kwa sababu kiyoyozi hukausha hewa pamoja na kuipoza, na dereva ambaye kioo chake cha mbele hakiishi ukungu katika foleni ya asubuhi yenye mvua huenda anatazama matokeo ya kihisi kibovu huku akilaumu feni.

Ili kuona ni wapi kihisi kinaingia, inafaa kuufuata mzunguko wa gesi kwa ufupi. Kompresa, inayozungushwa na injini kwa mkanda katika magari mengi, huibana gesi hadi ikapata moto na shinikizo kubwa. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa, iliyo mbele ya radieta, ambamo hupoteza joto lake na kugeuka kioevu. Kioevu hupenya kwenye tundu jembamba la vali na kuingia katika evaporeta, yaani ile radieta ya pili iliyofichwa ndani ya dashibodi, ambamo shinikizo hushuka ghafla, kioevu kikachemka na kufyonza joto la hewa inayopulizwa na feni kuelekea kwa abiria. Evaporeta inapopoa, unyevu wa hewa hutonesha maji juu ya mapezi yake membamba, na maji hayo ndiyo yanayoonekana yakidondoka chini ya gari lililoegeshwa. Ikipoa chini ya nyuzi 0, maji hayo hugeuka barafu, barafu huziba nafasi kati ya mapezi, hewa hukosa pa kupita, na kiyoyozi kilichokuwa kikifanya kazi vizuri mno hukoma kuwa na faida yoyote. Kwa hiyo lazima awepo mlinzi wa kuiambia kompresa ipumzike evaporeta inapofikia nyuzi 1 hadi 3 hivi, na kuiruhusu irudi kazini joto linapopanda kidogo. Mlinzi huyo ni kihisi cha evaporeta, na ndicho kihisi cha joto ambacho hata gari lenye kiyoyozi cha kawaida cha kuzungusha kwa mkono mara nyingi halikosi.

Magari yenye kiyoyozi cha kujiendesha, ambamo dereva huchagua nyuzi anazotaka na kompyuta ikajua yenyewe la kufanya, yana vihisi zaidi. Mfumo wa aina hiyo uliletwa na Cadillac mwaka 1964, ukabaki kwa miaka mingi kuwa starehe ya matajiri. Leo umo katika magari ya kawaida kabisa yanayofika Kenya kutoka Japani yakiwa yametumika, chini ya kanuni inayokataza kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Kihisi cha hewa ya nje hukaa nyuma ya bampa la mbele, karibu na kondensa. Kihisi cha hewa ya ndani hukaa nyuma ya kijidirisha chenye matundu kwenye dashibodi, ambapo hewa ya chumba cha abiria huvutwa polepole kupitia bomba jembamba ili ipite juu yake. Kihisi cha jua, ambacho kwa hakika hupima mwanga, hukaa juu ya dashibodi chini ya kioo. Joto la maji ya injini nalo husomwa, ili kompyuta izime kiyoyozi injini inapochemka. Fundi anayeuliza tu kama sensa imeharibika, bila kusema ni ipi, hajaanza uchunguzi.

Vihisi hivi, ukiondoa kile cha jua, vimeundwa kwa themista, kipande cha madini ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyoongezeka. Tabia hiyo iliandikwa na Michael Faraday mwaka 1833 alipokuwa akichunguza salfaidi ya fedha, naye aliiona kuwa ya ajabu kwa sababu metali za kawaida hufanya kinyume chake. Katika magari mengi ya Toyota, kihisi chenye afya huwa na ukinzani wa karibu kilo-omu 1.7 kwenye nyuzi 25 na karibu kilo-omu 5 kwenye nyuzi 0. Watengenezaji wengine wana namba zao, na hilo litakuwa na uzito mkubwa katika suala la spea. Kompyuta haiupimi ukinzani huo moja kwa moja. Hupeleka umeme wa volti 5 kupitia rezista iliyo ndani yake, kisha husoma volti zinazobaki kwenye waya wa kihisi: ukinzani mkubwa huacha volti nyingi, ukinzani mdogo huziangusha.

Mantiki yote ya uchunguzi hutoka katika mpangilio huo, na anayeielewa hahitaji kukariri mengi. Waya ukikatika, au plagi ikichomoka, umeme haupiti, volti hubaki 5, na kompyuta husoma ukinzani usio na mwisho, ambao kwa lugha yake ni baridi kali ya nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri. Nyaya mbili za kihisi zikigusana, volti huanguka hadi 0 na kompyuta husoma joto la kuunguza. Kwa hiyo kihisi cha evaporeta kilichokatika huizima kompresa, kwani kompyuta huamini kwamba evaporeta imeganda. Kilichoungana nyaya huiacha kompresa ikimbie bila kusimamishwa hadi barafu ya kweli ijengeke. Kihisi cha nje kilichokatika pia huizima kompresa katika mifumo mingi, kwa kuwa watengenezaji huizuia isifanye kazi hewa ya nje ikikaribia kugandisha. Kihisi cha ndani kilichokatika humfanya abiria apulizwe hewa ya moto, kompyuta ikijitahidi kumwokoa na baridi isiyokuwepo.

Hapa jiografia humsaidia fundi wa Huruma kuliko mwenzake wa Sapporo au wa Stockholm. Katika nchi ya theluji, kioo cha dashibodi kinachoonyesha nyuzi 2 za nje chaweza kuwa kinasema kweli. Mchana wa Nairobi hakina njia ya kusema kweli. Namba yoyote ya hewa ya nje iliyo chini ya nyuzi 5 katika saa za kazi, iwe kwenye dashibodi au katika mashine ya kusoma hitilafu, yatosha yenyewe kuelekeza mkono kwenye waya, plagi au kihisi, hata kabla ya kutoa multimita mfukoni. Ipo lakini tahadhari moja: kompyuta za baadhi ya magari, zinapotambua kwamba kihisi kimekatika, hukipuuza na kujiwekea namba ya kukadiria ili abiria asiteseke, na kwa hiyo namba ya nyuzi 20 inayoonekana ya kuaminika, isiyobadilika asubuhi wala adhuhuri, ni ya kushukiwa kama ile ya nyuzi 30 chini ya sifuri.

Mashine za kusoma hitilafu zimeenea Eastlands, na ile ndogo ya kuunganishwa na simu kwa bluutuuthi iko mikononi mwa mafundi wengi vijana. Ni vifaa vya manufaa, lakini ule udogo wa bei una gharama yake, kwa kuwa nyingi kati ya hizo zimetengenezwa kusoma misimbo ya injini, inayoanza kwa herufi P, wakati hitilafu nyingi za kiyoyozi huhifadhiwa katika kompyuta ya bodi kwa misimbo inayoanza kwa herufi B. Mashine ikisema hakuna hitilafu, kwa hiyo, yaweza kuwa haikuuliza mahali panapohusika. Toyota nyingi zenye kiyoyozi cha kujiendesha hazihitaji hata mashine: kushikilia kitufe cha AUTO pamoja na kile cha kuzungusha hewa ya ndani huku swichi ya gari ikiwashwa huanzisha ukaguzi ambao huonyesha misimbo kwenye kioo cha kiyoyozi chenyewe. Namba 11 huhusu kihisi cha ndani, 12 kihisi cha nje, 13 kihisi cha evaporeta na 21 kihisi cha jua. 00 humaanisha kwamba hakuna kilichoonekana. Na hapo pana mtego uliowanunulisha watu vihisi wasivyohitaji, kwa kuwa namba 21 hutokea pia gari likipimwa gizani au kivulini wakati kihisi cha jua ni kizima kabisa. Katika vichochoro vya Huruma, ambamo maghorofa yamesogeleana hadi jua hufika chini kwa muda mfupi tu, msimbo huo hauna maana hadi gari lisukumwe mahali penye mwanga na kupimwa upya.

Kubwa zaidi ni kile ambacho msimbo hauwezi kukisema. Kompyuta huandika hitilafu pale volti zinapotoka nje ya mipaka inayowezekana, yaani kukatika au kuungana. Kihisi kinachosoma nyuzi 3 mahali pa nyuzi 8 kiko ndani ya mipaka na hakitaandikwa popote. Mfano wa hesabu waonyesha jinsi kosa dogo linavyotosha. Themista ya aina iliyotajwa, yenye kilo-omu 1.7 kwenye nyuzi 25, huwa na karibu kilo-omu 3.5 evaporeta ikiwa na nyuzi 8. Kutu iliyoota kwenye pini za plagi ikiongeza kilo-omu 1, kompyuta husoma kilo-omu 4.5, ambazo kwake ni nyuzi 2 na kitu. Kompresa hukatwa. Evaporeta haijawahi kukaribia kuganda, hewa inayotoka ni ya nyuzi kumi na kitu badala ya 5 au 6, kompresa huwaka na kuzima kila mara, na anayeitazama ikifanya hivyo huona kile hasa alichofundishwa kuwa ni dalili ya gesi kidogo. Gesi huongezwa. Mfumo uliokuwa na gesi ya kutosha sasa una gesi ya kuzidi, shinikizo la upande wa juu hupanda, baridi hupungua zaidi, na hitilafu moja imekuwa mbili. Huu ndio mzunguko unaoeleza kwa nini kuna magari ambayo yamejazwa gesi kila mwaka bila tundu la kuvuja kupatikana.

Kutu ya plagi si jambo la kubuni katika magari haya. Magari ya maeneo ya theluji ya Japani hupita juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi, na plagi ya kihisi cha nje, iliyo nyuma ya bampa bila kinga, ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuloa maji hayo. Aidha, kihisi chaweza kuwa kizima, plagi ikawa safi, na usomaji ukawa wa uongo kwa sababu kihisi hakipo mahali pake. Bampa lililovunjwa katika msongamano wa matatu hurudishwa na fundi wa bodi ambaye huacha kihisi cha nje kikining'inia karibu na radieta, na tangu siku hiyo gari huamini kwamba Nairobi ni Garissa. Evaporeta iliyotolewa ili kuoshwa hurudishwa na themista yake ikiwa imechomoka katikati ya mapezi, ikipima hewa badala ya baridi ya metali, na kompresa haisimamishwi kwa wakati. Vumbi nalo huziba bomba la kuvuta hewa la kihisi cha ndani. Kipande cha karatasi laini kikisogezwa kwenye kijidirisha chake feni ikiwa inazunguka, kinapaswa kunata kidogo, na kisiponata kihisi kinapima joto la plastiki ya dashibodi.

Lipo pia kosa la upande wa pili, la kukilaumu kihisi cha nje kinachotimiza wajibu wake. Gari lililosimama muda mrefu kwenye foleni ya Juja Road huzingirwa na joto la injini yake, na kihisi kilicho nyuma ya bampa husoma nyuzi 35 au zaidi siku ya nyuzi 24. Watengenezaji wanalijua hilo, na kompyuta nyingi huchelewesha kwa makusudi kupandisha namba hiyo hadi gari lipate mwendo. Usomaji wa kihisi cha nje, kwa sababu hiyo, hulinganishwa na kipimajoto asubuhi gari likiwa baridi, kabla injini haijawashwa, wakati vihisi vyote vya gari, vya nje, vya ndani, vya evaporeta na hata vya maji ya injini, vinapaswa kukubaliana ndani ya nyuzi mbili au tatu, kwa kuwa vimelala usiku mzima katika hewa moja. Hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hiki wala chenye nguvu kuliko hiki, na inasikitisha kwamba hutumiwa na wachache. Kihisi kinachotofautiana na wenzake alfajiri kimejitenga chenyewe.

Mpangilio wa kazi unaotokana na haya yote huanza kwa kuuliza kama kompresa imeamriwa kuwaka. Kiyoyozi kikiwashwa na injini ikizunguka, multimita kwenye plagi ya klachi ya kompresa huonyesha volti 12 au huonyesha sifuri. Volti 12 zikifika na klachi isishike, kosa ni la klachi na mjadala wa vihisi umekwisha. Zisipofika, kuna mtu njiani aliyekataa: fyuzi, rilei, swichi ya shinikizo, au kompyuta yenyewe kwa ushauri wa kihisi. Magari mapya zaidi yenye kompresa isiyo na klachi, ambayo hubadilisha kiasi cha kazi yake kwa vali ya umeme, huhitaji mashine ya kusoma amri inayotumwa, na huko multimita peke yake hudanganya.

Shinikizo la gesi hupimwa pia, lakini kwa kujua linachosema na lisichosema. Gesi ya R-134a, ikiwa imetulia katika gari lililozimwa kwenye joto la nyuzi 20, huonyesha karibu pauni 68 kwenye geji ya pwani. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi zaidi, geji hiyohiyo husoma pauni mbili au tatu juu yake, tofauti ambayo chati zilizochapishwa ng'ambo hazikuizingatia. Shinikizo la kutulia huthibitisha tu kwamba bado kuna gesi ya kioevu ndani. Haliwezi kusema ni kiasi gani, kwani gramu 200 na gramu 400 zaweza kutoa namba ileile. Hata hivyo hilo latosha kwa hatua hii, kwa kuwa mfumo wenye shinikizo hilo hauzuiwi na swichi ya shinikizo la chini, na mshukiwa anayefuata ni kihisi.

Kihisi chenyewe hupimwa nje ya gari kwa glasi ya maji na vipande vya barafu, vinavyopatikana katika duka lolote lenye friji ya soda. Maji yaliyochanganyika na barafu nyingi na kukorogwa hukaa kwenye nyuzi 0 mahali popote duniani, na themista ya Toyota iliyotumbukizwa humo, ikilindwa pini zake zisilowe, inapaswa kupanda hadi karibu kilo-omu 5 bila kurukaruka. Ikikaushwa na kuachwa ipate joto la hewa, ukinzani hushuka taratibu. Mruko wowote wa ghafla huonyesha ufa ndani ya kifaa. Wanaopenda kuongeza kipimo cha maji yanayochemka wakumbuke kwamba maji ya Huruma huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, na kihisi kinachoonekana kukosea kwa nyuzi tano huenda ndicho kilicho sahihi na kitabu ndicho kisichoujua mwinuko wa Nairobi.

Kihisi cha evaporeta hakitumbukizwi kwa urahisi, kwani katika magari mengi kukifikia ni kuvua sehemu kubwa ya dashibodi, kazi ya siku nzima ambayo humwachia mwenye gari mlio wa plastiki maisha yote. Ndiyo sababu ushahidi unapaswa kukusanywa kwenye plagi kabla ya skrubu ya kwanza kulegezwa. Plagi ikichomolewa, rezista ya kuzungushwa kwa mkono, ya aina ileile inayoongeza na kupunguza sauti katika redio, huunganishwa mahali pa kihisi na kuwekwa kwenye kilo-omu 1.7. Kompresa ikiwaka, nyaya na kompyuta zimeachiliwa huru. Rezista ikizungushwa hadi kilo-omu 5 na kompresa ikazima, hukumu imekamilika na kihisi ndicho chenye hatia. Isipowaka kwa namba yoyote, kuivua dashibodi kungekuwa ukatili wa bure.

Rezista hiyo, iliyo chombo kizuri cha uchunguzi, imezaa tiba mbaya. Mafundi wapo ambao, wakishaona kompresa imewaka, huacha rezista ya kudumu kwenye waya na kumkabidhi mteja gari lenye baridi siku hiyohiyo, au huenda mbali zaidi na kuipelekea klachi umeme wa moja kwa moja kupitia swichi iliyotobolewa kwenye dashibodi. Kwa safari za mjini kosa halionekani. Katika safari ndefu yenye unyevu, kama ile ya kuteremka pwani, hakuna tena anayeiambia kompresa ipumzike: evaporeta huganda, upepo hufifia, na gesi isiyopata joto la kuichemsha yaweza kurudi kwenye kompresa ikiwa kioevu. Kompresa hujengwa kubana mvuke. Kioevu hakibaniki, na vali zake ndizo huvunjika. Umeme wa moja kwa moja una dhambi ya ziada ya kuiondoa pia swichi ya shinikizo, ambayo ndiyo inayoilinda kompresa isikimbie bila gesi na bila mafuta yanayosafiri pamoja na gesi hiyo. Kuokoa bei ya kihisi kwa kuhatarisha kompresa ni biashara ambayo hakuna mwenye gari angeikubali kama angeelezwa.

Mara nyingi haelezwi kwa sababu kihisi kipya ni kigumu kupatikana, na soko la Kirinyaga Road na la spea zilizotolewa kwenye magari ya Japani yaliyovunjwa hutoa kinachofanana. Kufanana kwa plagi ndiko kunakopotosha. Themista ya gari la kampuni nyingine yaweza kuingia vizuri kabisa ikiwa na ukinzani wa kilo-omu 2 au 10 kwenye nyuzi 25, na gari hupewa uongo mpya wa kudumu. Spea ya mtumba si kosa, na kwa magari ya umri huu mara nyingi ndiyo busara. Kosa ni kuinunua bila kuipima kaunta, kitendo kinachohitaji multimita na dakika tano.

Upande wa gesi nao haufai kusahauliwa, maana kila utambuzi uliokosewa huishia kwenye mtungi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliiondoa R-12 iliyokuwa ikiharibu tabaka la ozoni, nayo R-134a ikashika nafasi yake. Hii haina klorini, lakini uwezo wake wa kupasha dunia joto umekadiriwa kuwa mara 1,430 ya ule wa kaboni dioksaidi kwa kipindi cha miaka 100, na marekebisho yaliyopitishwa Kigali Oktoba 2016 yanataka matumizi ya gesi za jamii yake yapunguzwe hatua kwa hatua. Gesi inayoachiliwa hewani Huruma ili geji isome vizuri huongeza joto hilo, na inayoongezwa bila kupimwa kwa mizani haijulikani kama ilihitajika.

Lawama haipaswi kumwangukia fundi wa jua kali peke yake. Wengi wao wamejifunza kazi kwa kusimama kando ya fundi mkuu, na ingawa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, huwatahini na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, jedwali la ukinzani wa kihisi cha modeli fulani limo katika kitabu cha mtengenezaji ambacho hakimfikii, au kinamfikia kwa Kijapani. Mteja anayegombania bei ya uchunguzi na kulipa bila neno bei ya gesi naye amechangia kuuweka utaratibu ulivyo. Mwenye gari anayetaka kuubadilisha adai namba tatu kabla ya kukubali spea au gesi yoyote: volti zilizopimwa kwenye plagi ya kompresa, ukinzani wa kihisi pamoja na joto lililokuwepo wakati wa kukipima, na nyuzi za hewa inayotoka kwenye tundu la katikati la dashibodi. Zisipokuwepo, kihisi hakijapimwa, na malipo yangoje.